Kabla hujapesti ufunguo wa API kwenye tovuti yako, ujue daftari ni la nani

 

Leo sina homa, sina vipele vya joto, sina kuharisha. Tangu niandike zile sehemu za kurudi kazini baada ya uzazi, meseji zenu zimebadilika sura. Kumbe wengi hamjarudi ofisini kabisa. Mmeanzisha biashara nyumbani, mtoto akiwa mgongoni: unga wa lishe, keki za kuzaliwa, nguo za watoto za mtumba, sabuni. Sasa mnataka tovuti, kwa sababu Instagram peke yake imewachosha. Mmeingia Wix au Squarespace, au mmewekewa WordPress yenye Elementor. Mmeburuta picha, mmedondosha maandishi, mambo yanakwenda. Halafu mnataka ramani ya kuonyesha duka lilipo, au malipo, au kile kidirisha cha kuchati, na hapo kinatokea kisanduku kitupu kinachodai API key. Mnaniandikia: "Dada nesi, hiki ni kitu gani na nakitoa wapi?"

Mi si mtu wa kompyuta kwa kusomea. Nina diploma ya uuguzi na miaka yangu kadhaa ya wodini. Lakini nimekaa na wifi yangu usiku mwingi baada ya zamu tukitengeneza tovuti yake ya unga wa lishe, hicho kisanduku tumepambana nacho mpaka tukakielewa, na nina maoni. Nayasema mapema ili usiyepata muda wa kusoma yote uondoke nayo: tovuti nyingi za mama mwenye biashara ndogo hazihitaji ufunguo wa API hata mmoja. Ile inayouhitaji kweli, ufunguo uwe kwa jina la mama mwenyewe, na uwe umewekewa mipaka kabla haujagusa tovuti. Huu ushauri unaozunguka, wa "chukua hii key ya kwangu, pesti hapo, imeisha hiyo", siupendi na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na API yenyewe. Ni njia ambayo programu moja hutumia kuomba kitu kwa programu nyingine. Tovuti yako haina ramani ya Dar es Salaam ndani yake. Mteja akifungua ukurasa wa "Tulipo", ule ukurasa unakwenda kuomba ramani kwa Google, na Google inauliza: hii naandika kwa jina la nani? Ufunguo ndio jibu la hilo swali. Ni mstari mrefu wa herufi na namba usiosomeka. Wa Google huanza na AIza, ukiuona mara moja hutausahau.

Neno "ufunguo" linatupotosha kidogo, maana ufunguo tunaoujua sisi unafungua kufuli halafu basi. Mimi naufananisha na daftari la mkopo dukani kwa Mangi. Umekubaliana na Mangi kwamba mtoto wako akija na kutaja jina lako anapewa sukari, inaandikwa, mwisho wa mwezi unalipa. Mpango mzuri, unarahisisha maisha. Ila mtoto wa jirani akisikia jina linalotajwa, naye akaja akalitaja, Mangi atampa. Hana kosa. Jina ni lile lile na daftari ni lile lile, na bili inakuja kwako.

Ufunguo wa API ndivyo ulivyo. Yeyote anayeutaja anahudumiwa, na kinachohesabiwa kinaandikwa kwa mwenye akaunti.

Sasa hesabu, kwa sababu najua mnapenda hesabu kuliko vitisho. Tangu tarehe 16 Julai 2018 Google inataka anayeweka ramani zake tovutini kwa njia ya API awe na ufunguo na awe na akaunti ya malipo, yaani umeingiza kadi ya benki. Kuanzia Machi 2025 utaratibu wa bure ni huu: ramani ya kawaida ya kusogeza kwa kidole inapakiwa mara 10,000 kwa mwezi bila malipo. Ikizidi hapo, kila mara 1,000 ni dola 7. Mama mwenye wateja mia tatu wanaofungua tovuti kwa mwezi halipi hata senti. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba ukiingiza kadi tu umekwisha.

Ila chukua upande wa pili. Mtu kauona ufunguo wako, kauchukua, kauweka kwenye tovuti yake yenye watu wengi. Ramani imepakiwa mara 100,000 mwezi huo. Elfu 10 za kwanza ni bure, 90,000 zilizobaki ni dola 630. Zidisha kwa bei ya dola ya leo halafu unitumie meseji. Hapo ni ramani tu. Ufunguo usio na mipaka haufungui ramani peke yake, unafungua kila huduma uliyoiwasha kwenye mradi ule, na zipo za bei kubwa zaidi.

"Atauonaje, dada, si nimeuweka ndani kwenye mipangilio?" Swali zuri, na hapa ndipo wengi mnapopigwa. Ufunguo wa ramani hutumiwa na kivinjari cha mteja, yaani Chrome ya simu yake. Ili kivinjari kiutumie, lazima kipewe. Kikishapewa, mwenye kivinjari anaweza kuusoma. Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja, utaona maandishi mengi ya ajabu. Tafuta humo AIza. Mara nyingi utaukuta umekaa hapo kwenye mwanga wa mchana. Wala aliyekutengenezea hajakosea, ndivyo unavyofanya kazi. Na usifikirie kwamba duka lako ni dogo hakuna atakayekuja kuchungulia. Hawaji watu. Zinakuja programu zinazopita tovuti kwa tovuti usiku na mchana zikiokota mistari ya namna hiyo.

Kwa hiyo ulinzi wa ufunguo wa ramani hauko kwenye kuuficha. Uko kwenye kumwambia Mangi: jina langu likitajwa na mtu aliyesimama nje ya mlango wangu, usimpe. Nitafika hapo.

Kwanza niwaambie cha wifi yangu. Tovuti yake ya kwanza alitengenezewa na fundi, kijana mpole tu, bei nzuri. Ramani ikawekwa, ikapendeza, ikaonyesha mpaka kona ya kuingilia uchochoroni. Miezi kadhaa baadaye ramani ikageuka kiza, rangi ya kijivu, na maandishi ya Kiingereza yanayojirudia juu yake: For development purposes only. Wateja wakadhani duka limefungwa. Wifi anampigia fundi, simu haipatikani, kahamia mkoa mwingine na namba kabadilisha. Baada ya kuhangaika tukagundua kwamba ufunguo ule haukuwa wa wifi. Ulikuwa wa akaunti ya fundi mwenyewe, na alikuwa ameuweka huo huo kwa wateja wake wote. Malipo ya akaunti yake yalipopata shida, ramani za wote zikazimika pamoja.

Fundi hakuwa mwizi. Alitaka kumrahisishia mteja asiyetaka kuingiza kadi. Lakini angalia matokeo: wifi alikuwa na mlango dukani kwake ambao ufunguo wake uko mfukoni kwa mtu asiyejulikana aliko. Na fundi naye alikuwa amebeba daftari la watu kumi ambao hana namna ya kuwazuia wasitumie. Wote wawili walikuwa hatarini, ila mmoja tu ndiye aliyejua.

Wodini kwetu tuna kabati la DDA, la dawa kama mofini na pethidini. Ufunguo wake hautundikwi ukutani. Anakuwa nao nesi kiongozi wa zamu, na tunapokabidhiana zamu tunafungua, tunahesabu kichupa kwa kichupa, tunalinganisha na rejista, anayeondoka anasaini na anayeingia anasaini. Hakuna anayeona ametukanwa kwa kuambiwa ahesabu, hata kama ni rafiki yako wa tangu chuo. Nikisema tufanye hivyo hivyo na ufunguo wa tovuti kuna anayejibu "fundi wangu ni mwaminifu". Hata mimi ni mwaminifu, na bado nasaini. Rejista ipo ili siku kichupa kikipungua tujue pa kuanzia kuuliza bila kumnyooshea mtu kidole.

Haya, turudi kwenye kisanduku. Kabla ya kukijaza jiulize, nahitaji nini hasa?

Kama unataka ramani ya kuonyesha duka lilipo tu, huhitaji ufunguo. Fungua Google Maps kwenye kompyuta, tafuta duka lako, bonyeza sehemu ya kushiriki, chagua ile ya kupachika ramani, itakupa mistari ya msimbo inayoanza na neno iframe. Nakili, nenda kwenye tovuti yako, chagua kipande cha kuweka HTML, bandika. Imeisha. Haina ufunguo wala kadi, na mteja akiigusa anapelekwa kwenye Google Maps kuelekezwa njia. Wifi sasa hivi anatumia hii. Fundi anayekwambia bila ufunguo wa API duka lako haliwezi kuonekana ramanini, muulize kwa upole kwa nini hii haitoshi. Inawezekana ana sababu, mfano una matawi manne unataka alama za rangi tofauti, au mteja achague eneo lake ili mpige hesabu ya bodaboda. Hapo sawa, ufunguo una kazi. Kwa duka moja la unga, hapana.

Kitufe cha WhatsApp nacho hakihitaji ufunguo. Ni kiungo tu cha wa.me kikifuatiwa na namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Nimeona watu wanalipishwa hela ya kitufe hicho kwa jina la "kuunganisha API ya WhatsApp". Jamani. API ya WhatsApp ipo kweli, ni ya kampuni zinazotuma meseji kwa mpangilio kwa wateja wengi. Wewe na oda zako kumi kwa siku unajibu kwa kidole.

Na malipo: kama unauza keki nne kwa wiki, andika Lipa Namba yako kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa oda, mteja alipe, akutumie ujumbe. Sio kisasa sana, najua. Lakini mtoto wako ana miezi mitano, una usingizi wa saa nne, na kila kitu unachounganisha kwenye tovuti ni kitu kingine cha kuangalia kisiharibike. Hawa wenye milango nao hubadilisha vitasa wanapotaka. Zile njia za kuonyesha picha za akaunti binafsi ya Instagram kwenye tovuti kupitia API yao ya zamani zilifungwa tarehe 4 Desemba 2024. Waliokuwa wamezitegemea waliamka picha hazipo.

Tuseme umefikiria na bado unauhitaji ufunguo wa ramani. Basi ufanye wewe, usiku mmoja mtoto akilala. Mama anayeweza kusoma chupa ya dawa ya homa na kupima kwa uzito wa mtoto hashindwi na hili.

Fungua Google Cloud kwa barua pepe yako wewe, ile ambayo hata ukigombana na fundi au na shemeji itabaki yako. Anzisha mradi, upe jina la biashara. Weka akaunti ya malipo. Washa huduma moja tu unayoihitaji, ambayo kwa ramani ya tovuti mara nyingi ni Maps JavaScript API, na kwa kipande cha ramani cha Elementor ni Maps Embed API. Nenda palipoandikwa Credentials, tengeneza ufunguo. Watu wengi huishia hapo, wananakili, wanakimbia kwenda kupesti. Usikimbie. Ufungue ule ufunguo, chini utaona sehemu mbili za kuweka mipaka.

Ya kwanza ni ya nani anaruhusiwa kuutumia. Chagua tovuti, andika anwani ya tovuti yako, ile yenye www na ile isiyo na www, kila moja ikimaliziwa na mkwaju na nyota ili kurasa zote ziingie. Hii ndiyo ile ya kumwambia Mangi asimpe anayesimama nje ya mlango wa mwingine. Ya pili ni ya huduma gani ufunguo unafungua. Chagua ile moja uliyoiwasha. Hifadhi, subiri dakika kama tano, ndipo unakili.

Kwenye Elementor utaubandika kwenye mipangilio, sehemu ya Integrations. Huduma nyingine zina mahali pake ndani ya kipande cha ramani au sehemu ya kuongeza msimbo, na baadhi hazikuruhusu kuongeza msimbo mpaka ulipie kifurushi cha juu, kwa hiyo angalia hilo kabla hujasumbuka na yote haya.

Mtego mmoja unaowakatisha watu tamaa: umeweka mipaka vizuri, unafungua tovuti ukiwa bado ndani ya sehemu ya kutengenezea, ramani inagoma. Unadhani umeharibu, unakwenda kuiondoa mipaka yote, inafanya kazi, unaacha hivyo. Hapana! Sehemu ya kutengenezea mara nyingi inatumia anwani nyingine, ya kampuni ya hiyo huduma, ambayo hukuiruhusu. Chapisha tovuti kwanza, ifungue kwa anwani yake halisi kwenye simu, ndipo uhukumu. Pia baadhi ya hizi huduma msimbo unaoubandika kwenye kile kisanduku cha HTML huonyeshwa kutoka anwani tofauti na ya tovuti yako. Ikigoma hata baada ya kuchapisha, soma ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kivinjari, mara nyingi unataja anwani iliyokataliwa. Iongeze hiyo kwenye orodha, usiondoe mipaka yote. Ni sawa na mgonjwa kupata vipele kwa dawa moja: unatafuta ni ipi, hufuti matibabu yote.

Halafu jambo ambalo hata mafundi wengi hawaelezi. Kule kwenye akaunti ya malipo unaweza kuweka bajeti, useme dola 5 kwa mwezi. Watu wakishaweka hiyo wanalala usingizi. Ile bajeti ni kengele tu. Inakutumia barua pepe kwamba umefika, haizimi chochote, na matumizi yanaendelea kuhesabiwa. Kinachozuia ni kikomo cha matumizi, kinaitwa quota, unachoweka kwenye huduma yenyewe: ramani ipakiwe mara ngapi kwa siku. Kama una wateja 20 kwa siku, weka 200. Ikifika hapo inagoma mpaka kesho yake. Ramani kugoma siku moja ni aibu ndogo. Weka vyote viwili, kengele na kikomo.

Mpaka hapa nimeongelea ufunguo ambao kuonekana ni sehemu ya kazi yake. Kuna aina nyingine ambao haupaswi kuonekana kabisa, na hapa nabadilisha sauti.

Wasomaji wangu wa Kenya mnaounganisha M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom mnapewa vitu viwili, consumer key na consumer secret. Neno la pili linajieleza: ni siri. Ndugu zetu mlioko Uingereza na Marekani mnaotumia Stripe mnapewa ufunguo unaoanza na pk, ambao unaweza kukaa kwenye ukurasa, na unaoanza na sk, ambao haukai kwenye ukurasa hata kwa dakika tano za kujaribu. Vivyo hivyo funguo za zile akili bandia za kuchati, OpenAI na wenzake. Huo wa siri unatakiwa ukae kwenye seva, upande ambao kivinjari cha mteja hakifiki. Wix wana mahali maalumu pa kuhifadhi siri za namna hiyo, na plagini za malipo za WordPress zinazotengenezwa vizuri huuhifadhi upande wa seva. Kama huduma unayotumia haina mahali pa namna hiyo, basi haifai kwa kazi hiyo. Chukua njia iliyo tayari ya malipo ya huduma yenyewe au urudi kwenye Lipa Namba. Fundi akikuelekeza kupesti ufunguo wa siri kwenye kisanduku cha HTML cha ukurasa, msimamishe hapo hapo, hata kama ulishamlipa nusu.

Na kwa kuwa nimetaja kuchati. Kuna wawili mmeniuliza mnawezaje kuweka kwenye tovuti zenu za vitu vya watoto kidirisha cha akili bandia kinachojibu maswali ya wazazi. Kuhusu ufunguo nimeshajibu. Kuhusu jambo lenyewe, kama nesi: kijibu bei, saizi na siku za kufikisha mzigo. Mama akiandika saa nane usiku kwamba kichanga chake kina homa na hanyonyi, jibu pekee linalotakiwa kutoka kwenye tovuti ya nguo ni aende kituo cha afya sasa hivi. Msiweke mashine ya kukadiria dozi kwa jina la duka lako. Sitabishana kuhusu hili.

Kuna na suala la majina ya wateja. Fomu yako ya oda ya keki ina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, namba ya mama. Ukiunganisha fomu na orodha ya barua pepe kwa ufunguo, aliye na ufunguo anaweza kuisoma orodha yote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Hata bila sheria, yule mama alikuandikia ili apate keki.

Fundi sasa umfanyeje, maana huwezi kufanya yote peke yako na sikusema umfukuze. Mwite. Ila usimpe neno lako la siri. Google Cloud inakuruhusu kumwongeza mtu kwenye mradi wako kwa barua pepe yake, na hizi huduma za tovuti nyingi zinakuruhusu kumkaribisha kama msaidizi. Anaingia kwa jina lake, anafanya kazi, akimaliza unamtoa, na kila kitu kinabaki kwako. Kabla hujamlipa malipo ya mwisho mwambie akuonyeshe kwenye skrini ufunguo upo kwenye akaunti ya nani, unafungua nini, na mipaka iko wapi. Dakika kumi tu. Fundi mzuri atafurahi umeuliza. Anayekwambia "haya mambo huyaelewi mama" amekupa jibu tayari.

Na wale ambao tovuti zenu ziko hewani tayari na hamjui ufunguo ni wa nani, msianze kwa kufuta. Ukifuta kwanza, ramani au malipo yanazimika hapo hapo na wateja wako njiani. Tengeneza mpya kwa akaunti yako, uwekee mipaka, ubadilishe kwenye tovuti, uifungue kwa simu mbili tofauti kuhakikisha inafanya kazi. Kama ule wa zamani ni wako, ufute siku hiyo hiyo. Kama ni wa fundi, mtumie ujumbe kwamba umeuondoa kwako naye aufute upande wake, kisha uandike tarehe kwenye daftari la biashara.

Wiki ijayo narudi kwenye kuachisha ziwa, najua mnanidai sehemu ya pili tangu mwezi uliopita.